Thamani ya Shimo la Nyoka

Kwa miaka yote niliyokua, kitalu cha baba kilikuwa na thamani ya mamilioni. Siku ya arobaini yake kikageuka shimo la nyoka.

Kitalu chenyewe kiko bonde la Umba, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu Tanga, na baba alikuwa na leseni ya kuchimba vito huko tangu kabla sisi hatujazaliwa. Ndugu zangu wawili wa kiume, kaka yangu mkubwa na yule mdogo wetu wa mwisho, wamekua kwa sifa za kitalu hicho. Kaka alichumbia kwa kitalu. Mdogo wetu alikopeshwa pikipiki kwa kitalu. Wakikaa baraza ya kahawa wakaulizwa habari za mjini, wao wanajibu habari za jiwe la kijani ambalo baba alikuwa karibu kulipata. Baba alikuwa karibu kulipata kwa miaka thelathini.

Akafariki, Mungu amrehemu. Baada ya khitma, sheikh wa mtaa akakaa na ndugu zangu sebuleni kupanga mirathi. Mimi nilikuwa Dubai, Satwa, kwenye duka tunakoshona, simu ya video nimeiegemeza kwenye cherehani, natazama na kusikiliza. Sheikh akauliza mali ya marehemu ni nini. Wakasema: nyumba hii, Barabara ya Kumi na Mbili. Na nini tena? Ni hiyo tu. Ndipo mimi nikasema, "Na kitalu."

Kaka akakohoa. "Aah, kitalu. Kile ni shimo la nyoka tu, sheikh. Tusiwachoshe mahakimu."

Damu ilinipanda. Shimo la nyoka! Mtu aliyeoa kwa shimo hilohilo! Mkewe yuko pale nyuma anagawa chai, anasikia kwa masikio yake kwamba alidanganywa, na wala hakumwaga hata tone.

Nieleze kilichoniuma, msije mkaniona mpenda vya watu. Sisi ni Waislamu, mafungu yetu yanajulikana. Sheikh alikokotoa kwa kalamu kisha akatuambia kwa lugha nyepesi: ukifanya mali yote mafungu kumi, mama na mimi kwa pamoja tunapata matatu, ndugu zangu saba. Kama kitalu hakina thamani, basi mali ni nyumba peke yake, na nyumba haigawiki saba kwa tatu mpaka iuzwe. Mama angetoka kwenye nyumba aliyoingia bibi harusi, akapewa bahasha mkononi. Lakini kama kitalu kina thamani, ndugu zangu wangechukua kitalu kama mafungu yao saba, sisi tukachukua nyumba kama matatu yetu, mama akabaki kitandani kwake. Ili hesabu ikae sawa, lile shimo la nyoka lilitakiwa liwe na thamani ya nyumba mbili na theluthi.

Nyumba mbili na theluthi. Nililala na hiyo namba, nikaamka nayo, nikashonea nayo mkono wa kulia wa abaya upande wa kushoto.

"Nani atathamini?" sheikh akauliza.

"Dada," akasema mdogo wetu. "Si yuko Dubai? Madini ya dunia nzima yanauzwa huko."

Wote wakaitikia haraka, kama watu waliopata wa kumtupia mzigo. Wallahi mimi na madini tunajuana kwenye vioo vya maduka ya dhahabu: yenyewe ndani, mimi nje na mfuko wa nyanya. Lakini mtu akiniambia siwezi, hapo ndipo ninapoweza. Nikasema, sawa, nitathamini mimi.

Dukani kwetu kulikuwa na mteja mmoja, mzee wa zile familia za Kizanzibari zilizolowea hapa tangu enzi za baba zao, mjiolojia mstaafu aliyezunguka migodi ya Afrika nzima. Kila mwezi alituletea suruali zilezile tano. Mwezi huu zipunguzwe kiuno kwa sababu ameanza mazoezi, mwezi ujao ziongezwe kwa sababu ameyaacha. Siku aliyokuja kuongeza nilimwekea kiti, nikammiminia chai ya karafuu, nikamweleza habari yote.

"Hebu niskize, bibi fundi," akasema. "Mtu akikuletea suruali, wewe wamtajia bei kabla hujaipima?"

"Siwezi, mzee."

"Basi na mie siwezi. Kwanza ujue unachokipima. Baba yako hakuacha mawe. Mawe yaliyo chini ni ya serikali. Yeye kaacha haki ya kuyachimba, nayo imo ndani ya karatasi. Karatasi i hai au imekufa? Maana ikifa, kilichobaki ni pori. Na tunathamini kwa siku aliyokufa yeye, si kwa leo."

Tukapatana malipo: suruali tano, kupunguza na kuongeza, mwaka mzima bure. Nilijua nitapata hasara lakini sikujua itakuwa ya kiuno kiasi gani.

Nikamtuma mdogo wetu ofisi ya madini. Akarudi na picha ya leseni na malalamiko ya nauli. Leseni ilikuwa hai, na ilibakiwa na miaka minne.

Hatua ya pili, mzee akasema, ni kujua jirani aliuza kwa kiasi gani. Na kweli alikuwapo jirani, kitalu kilichopakana na cha baba, aliyeuza haki yake mwaka mmoja kabla baba hajafa. Mdogo wetu akanitumia jibu kwa sauti: "Dada, aliuza kwa lori bovu, pikipiki mbili na ng'ombe."

Nilimfungulia mzee ile sauti nikitegemea acheke. Hakucheka. Alitoa daftari mfukoni, akavaa miwani. "Lori tani ngapi? Bovu wapi, injini au gia? Na huyo ng'ombe, wa maziwa au wa kuchinja?"

Basi mimi, mtu mzima, fundi wa abaya, nikapiga simu kutoka Satwa kuuliza hali ya ng'ombe. Jirani alipoulizwa akashtuka, akadhani mnunuzi anataka arudishiwe mali yake, akaapa kwamba ng'ombe alishakufa na yeye harudishi kitu. Ikabidi abembelezwe kwa simu tatu. Mwishowe akatoboa: lori lilikuwa limekufa gia tu, na ng'ombe siku ya mauziano alikuwa na mimba.

"Aa, sasa hiyo yabadilisha," mzee akasema, akaandika.

Pamoja na mimba ya ng'ombe, kitalu cha jirani kilifika nyumba moja kasorobo. Mimi nataka mbili na theluthi. Niliukunja ule ukurasa wa daftari lake nikamwambia mzee ng'ombe wa Tanga ni ghali kuliko anavyodhani, naye akaniambia mimi nishone, hesabu nimwachie yeye.

Hatua ya tatu ilikuwa mawe. Mzee alitaka kilo tano kutoka mashimo ya baba, si mazuri, ya kweli, yaokotwe popote palipochimbwa. Kaka yangu akajitolea mwenyewe kwenda. Kaka, ambaye tangu azaliwe hajawahi kujitolea hata kufunga mlango! Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Baadaye mkewe aliniambia kilichotokea: alishinda kule siku mbili akichagua mawe mabaya kuliko yote aliyoyaona, kusudi nikiyapeleka kwa wajuzi nichekwe. Akaenda nayo ofisini kuomba kibali cha sampuli, akapewa karatasi na mihuri yake, kisha akampa dada mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa anakuja kufanya kazi za ndani kwa madam mmoja huku Hatta.

Ikabidi niyafuate Hatta. Siku yangu ya mapumziko nimeimalizia kwenye basi, natoka kwenye mji uliozungukwa na milima ya mawe, mimi nimepakata mfuko wa mawe. Nilipofika Al Nahda, kwenye chumba tunachokaa wanawake sita, Mkenya ninayekaa naye, wa kitanda cha juu, akachungulia mfukoni.

"Aki nyinyi Watanzania! Wenzenu wanapeleka dhahabu home, wewe unaleta kokoto?"

Asubuhi nikakuta ameegemezea moja mlango wa bafu. Nikalirudisha mfukoni, na kusema kweli hata mimi yalinikatisha tamaa. Yalikuwa vinundu vyeusi, saizi ya ngumi, vimevimba ovyo kama viazi vilivyoungulia, na ukivigusa vinaacha masizi ya kijivu yasiyotoka kwa sabuni.

Hayo masizi ndiyo yaliyotaka kunifukuzisha kazi. Nilifungua mfuko dukani, juu ya meza ya kukatia, sikuona kama kuna kandura, ile kanzu ya Kiarabu, ya mteja imelazwa pale, nyeupe pepe, imeshapigwa pasi. Arbab wetu, mwenye duka, alipoona ile alama ya viganja vyangu kifuani alishika kichwa. "Khalas! Mawe nje! Yalla, nje!" Nikatoka nayo nje, kwenye ukingo wa barabara, kati ya gereji na duka la mapazia, na ndipo mzee aliponikuta nimekaa, machozi yananilenga, miguu katikati ya viazi vyangu.

Aliinama polepole, maana suruali ilikuwa ya mwezi wa kupunguza. Akashika kimoja. Akakigeuza. Akakipima uzito kiganjani.

"Kaokota nani haya?"

"Kaka yangu. Amechagua mabaya kusudi."

"Mpelekee salamu zangu," akasema. "Niletee nyundo."

Duka la nguo lina nyundo ya kugongea vifungo vya chuma. Nikaleta. Akakiweka kinundu kwenye ukingo, akakigonga mara mbili, kikapasuka. Ndani, katikati ya weusi ule, palikuwa na kijani. Si kikubwa, kama punje ya kunde, tena kina nyufa nyingi, lakini kijani cha mchicha uliotoka kuoshwa. Nilipiga kelele mpaka fundi wa gereji akatoka chini ya gari.

"Hivi ndivyo vinavyobeba lile jiwe," mzee akasema. "Watu wanavitafuta kwa kurunzi, chini ya ardhi. Kaka yako kaviokota kwa kuvichukia."

"Mzee wangu! Sasa nyumba ngapi?"

Akavua miwani, akaipangusa. "Kati ya nusu nyumba na nyumba tano."

Nilimtazama. Nusu mpaka tano! "Hiyo ni bei au ni utabiri wa mvua?"

"Punje moja yenye nyufa hainambii kilichomo chini, mwanangu. Thamani ni kile ambacho mnunuzi anayejua, asiyeshurutishwa, angempa muuzaji anayejua, asiyeshurutishwa."

"Kwetu hakuna asiyeshurutishwa."

"Basi mie nakupa mwanzo na mwisho. Katikati mtaelewana wenyewe."

Niligombana naye, sitaki kuficha. Nilimwambia aandike tano tu, nusu aimeze. Nikamwambia habari za mama, kitanda cha mama, jiko la mama la nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mie nikikuletea kiuno cha inchi arobaini na mbili, wewe wanishonea thelathini na sita ili nifurahi?" Nikamsogezea karatasi. Akaandika barua yake, nusu mpaka tano, na akanishurutisha niitume kwa ndugu zangu wote pamoja na picha ya kile kijani, na sheikh naye apate, asije mtu akasema alifichwa.

Nikaituma kwenye kundi la ukoo. Kaka akajibu baada ya dakika moja: "Hiyo umeipaka rangi. Dubai kila kitu feki." Mdogo wetu hakuandika kitu kwenye kundi, ila aliniandikia pembeni: "Dada, hicho kijani kina ukubwa gani? Nauliza tu." Na siku ya pili yake mzee akaja dukani anacheka mpaka anajishika mbavu. Kuna mtu aliyepiga namba iliyo kwenye barua, akajitambulisha kuwa ni mnunuzi mkubwa kutoka Nairobi, lakini kila akisahau anasema "marehemu baba".

Ijumaa baada ya sala tukakutana kwa simu. Huku simu za video za kawaida hazipiti, tunatumia programu ya kulipia, nayo inakwamakwama. Nilikaa peke yangu dukani, milango imefungwa. Upande wa pili naona sebule ya nyumbani: sheikh na fomu ya mahakama magotini, kaka, mdogo wetu. Mama sikumwona, lakini nilisikia kikohozi chake.

Sheikh akasema barua ameisoma, ila kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika "nusu mpaka tano". Inatakiwa namba moja. Kaka akadakia, bila haya, "Andika sifuri, sheikh. Mimi nimefika kule. Shimo la nyoka."

Hapo nilichemka. Maneno yalitoka yenyewe.

"Sawa! Ni shimo la nyoka. Basi nyinyi chukueni nyumba. Yote, msibakishe hata bati. Mimi na mama tupeni shimo letu na nyoka wake, tuachane!"

Picha ikakwama. Kaka amebaki mdomo wazi, sheikh kalamu hewani, hakuna sauti. Na katika kile kimya ndipo akili iliponirudia. Mungu wangu, nimefanya nini? Kaka akisema ndiyo? Nimemtoa mama nyumbani kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimempa mama wa miaka sitini pori la Umba na punje ya kunde yenye nyufa. Nikashika mkasi, nikauweka, nikaushika tena.

Picha ikarudi. "Mtandao umekata," kaka akasema. "Umesemaje?"

Nirudie! Mara ya kwanza nilikuwa na hasira, na hasira ni rahisi. Sasa nilikuwa na hofu tupu. Ningeweza kusema sikusema kitu. Nikarudia neno kwa neno, mpaka bati.

"Hapana!" wakasema wote wawili kwa pamoja, hata kabla sijamaliza.

Sheikh akageuka. "Nyumba nzima hamuitaki?"

"Hatuitaki."

"Mnataka shimo la nyoka?"

Kaka akatazama dari. Mdogo wetu ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, "Kwa ajili ya kumbukumbu ya baba, sheikh."

"Mashaallah," sheikh akasema, na nikaona ndevu zikicheza. "Basi warithi ni watu wazima, na wakiridhiana hakuna wa kuwazuia. Mnaridhia kitalu kiwe fungu lenu, na nyumba iwe fungu la mama yenu na dada yenu?"

"Tumeridhia," kaka akasema, utadhani anang'olewa jino.

Sheikh akaandika kwenye fomu thamani ya nyumba kama ilivyo, na mbele ya kitalu akaandika nyumba mbili na theluthi kwa shilingi. Hivyo ndivyo kilivyothaminiwa kitalu cha baba yangu: tuligawana kwanza, bei ikafuata nyuma. Nilipomsimulia mzee wa suruali alifikiri sana kisha akasema, "Imo ndani ya mipaka yangu," akaenda zake ameridhika.

Lakini ile Ijumaa haikuishia kwenye fomu. Nilikuwa bado najipepea kwa kitambaa, nacheka peke yangu, nikasikia mama anasema, "Nipeni hiyo simu." Ikaonekana dari, likaonekana sikio, kisha paji la uso wake likajaa kwenye kioo chote.

"We mtoto. Umeninadi mimi?"

"Mama, nilijua watakataa."

"Ulijua nini wewe! Hao nimewazaa mimi, na mimi sikujua."

Kule nyuma nilisikia sheikh anacheka, kisha akamuuliza kwa adabu, "Lakini mama, umeridhika na hiyo thamani?"

"Mmeandika kidogo," mama akasema.

"Kidogo vipi?" kaka akaruka.

"Kidogo. Miaka thelathini baba yenu yuko huko. Akija anakaa siku nne, anaoga, anakula, anaondoka. Nyinyi wote watatu nimewazaa yuko huko. Idi nimezisherehekea na majirani. Hayo yameandikwa wapi kwenye karatasi yenu?"

Sheikh akafunga kalamu yake. Mimi nilijua kitalu kina jirani, kina lori, kina ng'ombe na mimba yake, yote nimeyapigia simu nikayauliza. Mama sikuwahi kumpigia kumuuliza chochote. Nilianza kulia pale kwenye cherehani, sikujizuia.

"Usilie, sijamaliza," akasema. "Baba yako alikuwa na shimo, lakini alikuwa anarudi. Miezi miwili, mitatu, namwona mlangoni na vumbi lake. Wewe shimo lako hilo la huko lina miaka saba, hujarudi. Hata kuzika hukuwahi."

"Mama, inshallah mwakani..."

"Usinipe inshallah. Nipe tarehe."

Nikamtajia siku na mwezi palepale, kabla sijamwomba arbab ruhusa.